Ng'ombe Aliyeshushwa Kwenye Lori

Mwanangu Tusekile,

Umetoka kwenda kumuaga bibi yako, na ninavyowajua hamtaachana upesi. Nimekaa hapa jikoni karibu na moto nikuandikie. Mchana, ulipokuwa unakunja nguo, uliniuliza swali nikakujibu vibaya. Ulisema, "Mama, wewe umekaa na wafadhili miaka yote hii. Unafanyaje mpaka wasikukimbie?" Nikakwambia, "Wengine waache wakimbie," nikachukua mundu nikaenda kukata majani. Niliona ulivyonuna. Jibu langu lilikuwa la kweli, ila lilikuwa fupi mno kwa mtu anayekwenda Mbeya kuifanya kazi hiyo hiyo, tena kwa cheo: afisa mahusiano na wafadhili. Sasa nalirefusha.

Habari za kufunga mlango, za kula vizuri na za wanaume sitaziandika. Hayo tuliyasema humu ndani siku zote, na kama hayakuingia, barua haitayaingiza. Nitakusimulia habari ya ng'ombe. Umeisikia vipande vipande kwa watu, wengine wakicheka, wengine wakinilaumu. Kwangu mwenyewe hujaisikia.

Wakati ule wewe ulikuwa mgongoni, hata meno hujaota. Mimi nilikuwa mtaalamu wa mifugo katika shirika dogo lililokuwa na ofisi pale Nyololo, barabarani. Siku hizi halipo, usilitafute. Kazi yetu ilikuwa kugawa mitamba wa maziwa, majike ambao hawajazaa, kwa akina mama. Mama anapewa mtamba, akizaa, ndama jike wa kwanza anakwenda kwa jirani, na jirani naye atafanya hivyo hivyo. Mpaka leo nasema ulikuwa mpango mzuri. Ila ng'ombe wale walikuwa na damu ya kizungu, na kupe wa kwetu hawana heshima kwa mgeni. Ndigana, ule ugonjwa wa kupe, ikaingia. Nilikuwa naitwa alfajiri, nakimbia na begi langu la dawa, namkuta ng'ombe amelala, tezi zimevimba chini ya masikio, povu puani, na mwenye ng'ombe amekaa chini kando yake kama mtu anayemuuguza ndugu yake wodini. Mara nyingi dawa ilifika ng'ombe akiwa ameshakata roho.

Tuliomba josho. Niliandika kwenye ripoti, nikarudia kwenye ripoti nyingine: kabla ya kuleta ng'ombe wengine, tujengewe josho la kuwaogesha. Jibu lililorudi kupitia kwa mkurugenzi wetu lilikuwa lile lile, kwamba fedha zilizotolewa ni za ng'ombe, si za josho. Wakaletwa ng'ombe wengine. Nao wakafa.

Kisha tukasikia wafadhili wanakuja kututembelea.

Mkurugenzi wetu hakuwa mtu mbaya, na nataka ulijue hilo. Ukidhani wanaofanya mambo haya wana pembe, hutawatambua utakapowakuta ofisini kwako wakikukaribisha chai. Alikuwa mtu wa ibada, alisomesha watoto wa ndugu zake, na alikuwa na hofu. Alituita akasema, "Wageni wakikuta mazizi matupu, mradi umekufa. Mradi ukifa, sisi sote tunarudi kushika jembe. Kuna anayetaka hivyo?" Tukanyamaza. Yeye akachukulia kimya chetu kuwa ndiyo. Akaenda kuazima ng'ombe kwa tajiri mmoja wa upande wa Makambako, ng'ombe wanono, wanang'aa. Wakaja na lori, siku moja kabla ya wageni, wakashushwa mmoja mmoja kwenye mazizi ya akina mama aliowachagua.

Mmoja wa akina mama hao alikuwa Mama Tulizo. Wewe umemjua akiwa na fimbo yake na meno machache. Wakati ule alikuwa mjane bado ana nguvu, mwenye sauti ya kuanzisha nyimbo kanisani. Ng'ombe wake aliitwa Subira. Alimlisha majani aliyoyabeba kichwani kutoka kwenye vinyungu, bustani za kule bondeni, kiangazi na masika, na Subira alikufa akiwa na mimba kubwa. Mama Tulizo aliwakatalia vijana waliotaka kumchuna. Alimzika mzima, nyuma ya mianzi ya kugemea pombe ya ulanzi.

Siku ya wageni palikuwa na nyimbo na vigelegele, na maandazi yalikuwa yamepikwa. Mgeni mkubwa alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, amevaa sweta lililotoboka kiwiko. Jina lake Hedda. Nilidhani mfadhili angekuja amependeza zaidi. Tukafika kwa Mama Tulizo, naye amesimama mbele ya zizi ameshika kamba. Ng'ombe hakumjua. Alikuwa anavuta kwenda upande wake, na kila alipovuta, Mama Tulizo alirudi nyuma kidogo, maana naye alimwogopa. Mtu mwenye macho angeona. Mgeni akauliza kitu, mkurugenzi akatafsiri:

"Mgeni anauliza, ng'ombe wako anaitwa nani?"

Mama Tulizo akatazama chini. Hakuna aliyekuwa amemwandaa kwa swali hilo. Alikuwa amefundishwa kusema tunashukuru, alikuwa amefundishwa lita za maziwa za kutaja, jina hakufundishwa. Akaizungusha kamba mkononi mpaka kwaya ikanyamaza.

"Anaitwa Subira," akasema. Sauti ile ya kuanzisha nyimbo ikakatika hapo hapo. Akavuta ncha ya kanga akajifunika mdomo.

Mkurugenzi akacheka kidogo, akamwambia mgeni kwamba mama ana furaha sana.

Tusekile, sikupanga kusema. Nisikudanganye kwamba nilikuwa shujaa. Nilisikia tu mdomo wangu unasema, "Subira amekufa. Amezikwa nyuma ya mianzi ile. Huyu ameshushwa jana kwenye lori."

Mkurugenzi hakugeuza hata shingo. Akatafsiri kwamba mtaalamu anasema ng'ombe ana afya njema. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne, chenye kuvunjika, lakini hicho nilikielewa. Nikasogea mbele, nikarudia kwa Kiingereza hicho hicho kibovu, nikionyesha kwa kidole: huyu si wetu, wetu yuko kaburini. Wewe mgongoni ukaanza kulia.

Yule mgeni hakukasirika wala hakusema pole. Alisema, "Nionyeshe."

Tukaenda nyuma ya mianzi, mimi na yeye mbele, wengine wote nyuma kama msiba. Pale udongo ulikuwa umeinuka kidogo na majani yameanza kuota. Akaniuliza, alikufa kwa nini. Nikasema kupe. Akauliza, kwa nini hamkumwogesha dawa. Nikasema hatuna josho, tuliomba. Akauliza, nani aliyewakatalia?

Nikamwangalia usoni. "Ninyi."

Ndiyo siku niliyoanza uhusiano na mfadhili, mwanangu. Watakufundisha kwenye semina kwamba uhusiano huanza kwa tabasamu na zawadi ya kitenge. Wangu ulianza hapo, kwenye kaburi la ng'ombe, kwa neno moja lisilo na adabu.

Na usifikiri baadaye mambo yalinyooka kama kwenye mahubiri. Kesho yake nilifukuzwa kazi. Wageni walipanda ndege wakaenda zao, na fedha zikasimamishwa zote, hata zile za mbegu za malisho. Kijiji kilinigeukia. Nikipita njiani na wewe mgongoni, watu waliokuwa wakinisalimu "kamwene" kutoka mbali sasa walikuwa wanaangalia viatu vyao. Mwanamke mmoja alinifuata kisimani akasema, "Wewe una cheti, utapata kazi kwingine. Sisi tutapata wapi?" Nikajitwika ndoo nikaondoka. Mpaka leo swali lake ninalo.

Baba yako nilimkuta anapiga randa ubao. Nikamwambia nimefukuzwa. Akauliza nimesema nini, nikamweleza yote, hata lile "ninyi". Akaacha randa, akafikiri, akasema kwa Kinyakyusa chake, "Ndaga." Asante. Kisha akaendelea na kazi. Walisema nimeolewa na mtu asiye na maneno. Maneno mangapi mtu anahitaji?

Lililoniuma zaidi ni la Mama Tulizo. Nilidhani angalau yeye angeniunga mkono, maana nilisema kwa ajili yake. Hakunisalimu kanisani. Nikamfuata nyumbani, akanikaribisha kigoda kwa adabu zote, akaniambia bila kupandisha sauti, "Umeniumbua. Watu wote wameniona mimi ni mwongo, wewe ndiye mkweli. Yule alikuwa Subira wangu. Ulikuwa wapi kuniuliza kama nataka kusema?"

Nikaanza kujitetea. Akanikatisha. "Ungenishika mkono tu ukaniuliza, tuseme? Ningesema mwenyewe."

Sijutii kuwa ukweli ulisemwa. Nitafufuliwa siku ya mwisho nikiwa sijutii. Lakini tangu siku hiyo nimejua kwamba ukweli una mwenyewe, na ukiubeba bila kumwambia umemwibia, hata kama umeupeleka mahali pazuri. Mkurugenzi alimfanya Mama Tulizo aseme maneno yasiyo yake. Mimi nilimnyang'anya yaliyo yake. Kwa yule aliyeshika kamba, tofauti yetu ilikuwa ndogo.

Mvua zilikuja zikaondoka. Tulilima viazi, baba yako akauza mbao, nikatibu kuku na nguruwe wa watu kwa malipo ya maharage. Kisha asubuhi moja ya baridi ile ya kwetu, ukungu haujanyanyuka, gari likasimama. Akashuka yule mama mrefu, na sweta lake lile lile. Hakuwa na kamera, hakuwa na msafara, dereva tu na binti mmoja wa kutafsiri. Nilitoka nikifuta mikono nimpokee. Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Tulizo, akaingia jikoni, akakaa kwenye kigoda magoti yakifika kidevuni.

Mama Tulizo alinitumia mtoto niende. Nilipofika walikuwa wanakula viazi vya kuchemsha na chumvi, hakuna aliyechinjiwa kuku. Mgeni alikuwa ameshaomba radhi. Alisema kule kwao wanaochanga hupenda kuona picha ya mama na ng'ombe wake, hakuna anayefurahia picha ya shimo lenye maji ya dawa, na wao ofisini walifuata picha. Alisema ameona aibu. Sasa alikuwa anauliza tunataka nini.

Mama Tulizo akaniangalia. "Leo wewe utasikiliza," akaniambia. Kisha akamgeukia mgeni. "Josho kwanza. Ng'ombe baadaye, tena tutawachagua wenyewe, wale chotara wanaovumilia. Na safari nyingine usiletewe mtu wa kunisemea. Hata huyu."

Mgeni akacheka, Mama Tulizo akacheka, nami nikacheka, ingawa nilikuwa nimechomwa.

Josho lile unalolijua, ulilocheza kando yake mpaka nikakuchapa, lilijengwa hivyo. Akina mama walibeba mawe na mchanga, wakaunda kikundi chao, wakanichagua niwe mratibu baada ya mjadala mrefu, na wawili walinipinga mpaka mwisho. Lilipokwisha, ofisi ya kina Hedda ikaleta maagizo kwamba libandikwe bango lenye jina lao. Kikundi kikakataa. Nilipeleka jibu mimi mwenyewe kwa simu, nikijua fedha za ng'ombe bado hazijatumwa. Nilimwambia Hedda, mkiandika jina lenu, siku bomba likipasuka watu watakaa kusubiri mwenye jina aje atengeneze. Tuachieni liwe letu, ili likiharibika tuone aibu sisi.

Alikasirika. Alisema anatugombania kule kwao kila siku na sisi hatumpi hata ubao mmoja wa kuwaonyesha wakubwa wake. Nikamwambia aje awaonyeshe ndama. Akakata simu. Nililala na hofu, nakwambia ukweli. Siku chache baadaye akapiga akasema, "Hakuna bango," na hakulitaja tena. Bomba limepasuka mara nyingi toka wakati huo, na hujawahi kusikia mtu hapa anauliza wafadhili wako wapi.

Hivyo ndivyo tulivyokaa naye, kwa ugomvi. Ng'ombe akifa, yeye alikuwa wa kwanza kuambiwa, kabla ya ripoti, kabla hajasikia kwa mwingine. Tulimwambia pia sisi tulipokosea, kama ule mwaka tulipomwamini muuza dawa wa uongo. Alituambia naye wakubwa wake walipotaka tuache ng'ombe tufuate mambo mapya waliyoyapenda, tukamwambia hatuwezi kuacha kukamua kwa sababu fasheni imebadilika. Wafadhili wengine walikuja wakati huo huo, wenye magari mazuri, waliotaka kusikia mema tu. Walisikia mema tu kwa wengine, wakaenda. Hao ndio niliokwambia mchana waache wakimbie.

Nimalizie na hili, maana nalipenda. Mume wa Hedda alipofariki, tulipata habari kwenye simu. Mama Tulizo akaitisha kikundi, akasema, "Mwenzetu amefiwa." Hakusema mfadhili. Tukachanga rambirambi kama tunavyochangiana hapa, mwenye kidogo akatoa kidogo, asiye nacho akaleta yai likauzwa. Mchungaji mmoja aliyekuwa anasafiri kwenda kwao akazibeba. Kumbe kule ofisini kwao kulitokea mtafaruku. Hawakujua waziandike wapi. Fedha zilitoka kwao kuja kwetu, hazijawahi kurudi njia ile! Mmoja akapendekeza turudishiwe kwa heshima. Hedda akawaambia, "Mkirudisha naacha kazi. Hizi si za ofisi. Ni za msiba wangu."

Alinipigia akalia. Alisema amekaa katika kazi ya kutoa maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumhesabu kama mtu anayeweza kuhitaji. Nilimwacha alie. Nilikuwa nasikia jambo ambalo hakuna semina iliyonifundisha: kwamba tulikuwa tumempa kitu ambacho hakuweza kukinunua, na kwa kukipokea akawa sawa na sisi. Anayepokea peke yake kila siku mgongo wake huinama. Anayetoa peke yake kila siku naye huharibika, ila kwake haionekani upesi.

Sasa nije kwako. Jana usiku uliniambia kwa furaha kazi utakayoanza nayo. Wageni wanakuja, na meneja wako amekutuma Usangu, kwa wale wafugaji waliohamia kutoka kaskazini, ukatafute familia "yenye mvuto" ya kusimama kando ya kisima. Uliposema neno hilo, mvuto, ulicheka, kisha ukaniangalia kuona kama nimecheka. Sikucheka, nawe ukabadilisha mazungumzo. Kwa hiyo unajua. Nisikufundishe unachokijua.

Nenda kabla ya wageni. Nenda bila gari la ofisi kama unaweza. Kaa hapo walipo, na kama ni maziwa mgando kunywa, na kama ni vumbi la ng'ombe livute. Waambie kwa Kiswahili cha kueleweka nani anakuja na anataka kuona nini. Kisha waulize wao wanataka aone nini, na nini asione. Wakisema kisima kinatoa maji ya chumvi, muulize mwenye kisima: utasema wewe, au niseme mimi, au tunyamaze? Akichagua kunyamaza, nyamaza, hata kama neno liko mdomoni. Akichagua kusema, simama kando yake, na asije mtu akatafsiri maji ya chumvi kuwa furaha.

Meneja wako atasema unahatarisha mradi. Atakwambia wewe ni mtoto, mgeni kwenye kazi, hujui wafadhili. Msikilize kwa heshima, mwamkie kila asubuhi, na usimdharau, maana naye ana watoto wa kusomesha. Halafu fanya nilivyokwambia. Mfadhili atakayeondoka kwa sababu ameambiwa ukweli na mwenye ukweli, hakuwa na safari ndefu na ninyi. Atakayebaki utagombana naye mpaka mzeeke wote wawili.

Na wakikufukuza kwa jambo hilo, usikae Mbeya ukilia kwenye chumba cha kupanga. Panda basi la kwanza urudi. Chumba chako sikipangishi. Sitakuuliza kwa nini umerudi mpaka umeshiba, na ukishamaliza kunisimulia, kesho yake nitakusindikiza mwenyewe ukatafute kazi nyingine.

Nasikia sauti yako na bibi huko njiani mnacheka. Moto umeshika, ngoja nibandike maji ya ugali.

Mama yako, ambaye hajutii.